Tahadhari: Nyanya za Mche Uliouawa na Jalidi Zisitiwe Kwenye Chupa

Ndugu unayelima mboga Maine, Vermont, Ohio, Iowa, Minnesota au penginepo katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, nawe uliyeko Kanada, soma haya kabla ya usiku wa kwanza wa jalidi. Usiku huo uko karibu. Sehemu nyingi za kaskazini umande huanza kuganda juu ya majani kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, na mabonde hutangulia kuliko miinuko. Asubuhi yake utakuta mchicha umelala chini, majani ya maharage yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na nyanya bado zinaning'inia nyekundu kwenye mche uliokufa. Utazionea huruma. Utataka kuziokoa zote siku hiyo hiyo, uzipike, uzitie kwenye chupa za kioo, uzifunge ziwe akiba ya miezi ya theluji.

Usifanye hivyo. Nyanya za mche uliouawa na jalidi hazifai kusindikwa kwenye chupa, hata zikipendeza vipi machoni. Na mchicha, maharage mabichi, mahindi, bamia, maboga na viazi havifai kusindikwa kwa kuchemsha chupa kwenye sufuria ya maji, viwe vimepigwa na jalidi au havikupigwa. Sumu inayoweza kuzaliwa ndani ya chupa za namna hiyo huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja, na inalemaza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Nasisitiza kwa sababu chupa haikai kwa aliyeisindika. Moja hupelekwa kwa mama mkwe, nyingine kwa jirani aliyejifungua, na kadhaa hufunguliwa kwenye chakula cha kanisani au cha arusi. Aprili 2015, mjini Lancaster katika jimbo la Ohio, waumini walikula pamoja kanisani. Mezani palikuwa na saladi ya viazi, na viazi hivyo vilikuwa vimesindikwa nyumbani kwa kuchemsha chupa kwenye maji. Watu 29 waliugua botulismi, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, na mmoja akafa. Marekani haikuwa imeona mlipuko mkubwa kama huo wa ugonjwa huu kwa karibu miaka 40. Hapakuwa na mtu aliyekusudia ubaya. Palikuwa na viazi, chupa, maji yanayochemka, na kanuni moja iliyorukwa.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulio huku tuna sababu zetu za kuwa waangalifu zaidi. Wengi wetu tulijifunza jembe Kigoma, Kasulu, Uvira, Fizi au Bujumbura, ambako bustani humalizwa polepole na kiangazi na haiuawi usiku mmoja. Mkulima wa viazi wa Kinangop au wa Makete karibu na uwanda wa Kitulo anaijua jalidi, lakini wao ni wachache kati yetu. Warundi waliokimbia vita vya mwaka 1972, wakaishi Tanzania miaka mingi na kuanza kuhamishiwa Marekani mwaka 2007, pamoja na Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu, wamezifanya bustani za jamii za miji ya huku zichangamke. Burlington kuna mradi wa New Farms for New Americans, Des Moines kuna Global Greens, na katika miji mingine utawakuta mama zetu wakipalilia lengalenga (yaani mchicha), ngogwe (nyanya chungu), maharage na mahindi meupe kwenye vijishamba vya kukodi. Wanalima vizuri mno. Ikifika Septemba, mavuno yanazidi uwezo wa familia kuyala, nayo bado ni ya majani na matunda yasiyokaa.

Hapo ndipo chupa inapoingia. Duka lolote kubwa linaziuza kwa kasha zima, wenyeji wanazipanga kwenye rafu za chini ya nyumba, na kwenye simu kuna video zinazoonyesha mtu akijaza, akifunga na kuchemsha huku akitabasamu. Macho yanajifunza upesi. Yasichokiona ni kile kinachotofautisha chupa salama na chupa ya kuua: kiwango cha uchachu ndani yake na kiwango cha joto lililopita katikati ya chakula.

Bakteria wanaoitwa Clostridium botulinum wanaishi udongoni. Spora zao, yaani mbegu ngumu zinazowahifadhi katika hali mbaya, zimeshika kwenye kiazi, kwenye shina la mchicha, kwenye ganda la harage. Mtu mzima mwenye afya anazimeza na mboga zake bila kudhurika. Balaa huanza zinapofungiwa mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo uchachu wa kutosha, katika joto la kawaida la nyumba. Chupa iliyofungwa vizuri inazipa vyote hivyo kwa pamoja. Kuchemsha kunafukuza hewa na kuwaua bakteria wengine ambao wangeshindana nao, lakini spora hizi zenyewe hazifi, kwani maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100 za Selsiasi hata ukiyachochea moto kutwa nzima. Kwa hiyo anayesema, "Mimi nachemsha saa tatu, si dakika kumi," hajajiokoa. Spora zitatulia kabatini, zitachipua, na bakteria wataanza kutoa sumu.

Kinachozizuia zisichipue ni uchachu. Wataalamu wa chakula wameweka mpaka kwenye pH 4.6: chakula chenye uchachu zaidi ya hapo kinaweza kusindikwa kwa maji yanayochemka, na kisicho na uchachu huo hakiwezi. Matunda mengi yako upande salama. Achari iliyotiwa siki kwa kipimo cha mapishi yaliyojaribiwa iko upande salama. Mboga za majani, maharage, mahindi, bamia, viazi na maboga viko upande wa hatari, tena mbali na mpaka. Nyanya imekaa juu ya mpaka wenyewe. Ndiyo maana hata nyanya nzima, iliyoiva kwenye mche ulio hai, huongezwa vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau kwa kila chupa ya karibu lita moja, au nusu ya kijiko cha chai cha asidi ya sitriki. Maji hayo ya limau ni yale yanayouzwa kwenye chupa, kwa kuwa uchachu wake ni mmoja daima, wakati limau ulilokamua mwenyewe laweza kuwa kali au pooza.

Mche ukishakufa kwa jalidi, uchachu wa nyanya iliyobaki juu yake unaweza kupungua, nalo tunda lililopasuka kwa baridi hupitisha ukungu na bakteria. Mpaka uliokuwa mwembamba unavukwa, wala ulimi hauwezi kukuambia umevukwa lini. Kwa nyanya hizi kanuni ya usindikaji ya Marekani haishauri kuongeza limau. Inakataza kuzisindika. Hali kadhalika nyanya zenye mabaka ya ugonjwa wa bakajani.

Hata hivyo, huna haja ya kuzitupa zote. Nyanya iliyobaki ngumu na kavu, ambayo haikuganda, ile leo, ipike leo, au igandishe kwenye friza. Iliyolainika na kutoa majimaji haina kazi tena. Na zile za kijani ulizozichuma kabla ya jalidi, zikiwa hazina doa, zina uchachu kuliko zilizoiva na zinafaa kabisa kwa achari.

Sasa lengalenga, maana najua ndiyo mboga ya moyo. Njia pekee salama ya kuhifadhi mboga za majani, maharage mabichi au mahindi kwenye chupa ni sufuria kubwa ya presha iliyoundwa kwa kazi hiyo, inayofikisha nyuzi 116 za Selsiasi (240 za Farenhaiti) kwa dakika zilizopangwa kwa kila aina ya chakula na ukubwa wa chupa. Ile sufuria ndogo ya presha ya kupikia maharage jikoni haitoshi, wala ile ya umeme yenye vitufe vingi. Mkazi wa Denver, mji ulio juu milimani, anahitaji presha kubwa kuliko wa Portland ulio pwani. Na boga lililopondwa halisindikwi nyumbani hata kwa presha, kwa sababu uzito wa uji wake unazuia joto kufika katikati. Asiye na chombo hiki na kitabu chake cha vipimo, aache chupa kabisa.

Nasema aache bila kusita kwa kuwa friza ipo. Osha lengalenga, itumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, itoe uitie kwenye maji ya barafu, ikamue, ifunge kwenye mifuko kwa kiasi cha mlo mmoja, kisha igandishe. Maharage mabichi yachemshe dakika tatu. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri haiui spora, ila haiziruhusu kuamka, na mboga ikitoka huko Januari bado ina rangi ya shambani. Ngogwe na bilinganya nazo zinakubali. Bei ya friza ndogo iliyokwishatumika, ikichangiwa na nyumba mbili au tatu, haiwezi kulinganishwa na siku moja ya mashine ya kupumulia hospitalini.

Kukausha pia ni njia yetu ya tangu zamani. Nyumbani mboga za majani huanikwa zikakauka kabisa, na chakula kisicho na unyevu hakina botulismi ya kuogopwa. Lakini jua la Oktoba huku ni dhaifu, hewa ina maji, na mchicha ulioanikwa barazani utaota ukungu kabla haujakauka. Tumia oveni kwa moto wa chini kabisa mlango ukiwa wazi kidogo, au mashine ya kukaushia, mpaka jani livunjike vidoleni. Kunde na maharage ya kuvuna makavu yang'olewe na mashina yake kabla ya mvua na jalidi kuyaharibu, yamalizie kukauka ndani.

Kuna chupa moja zaidi ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu iko mezani kwa karibu kila mmoja wetu: pilipili ya kusaga iliyowekwa kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu. Usiku wa kuamkia jalidi ndio pilipili zinapochumwa zote kwa mkupuo, na kesho yake mashine ya kusagia inafanya kazi bila kupumzika. Mafuta hufukuza hewa kama kifuniko kinavyofanya. Kitunguu saumu kimetoka udongoni na spora zake. Mwaka 1985, mjini Vancouver, watu 36 waliugua botulismi kutokana na kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta na kutumiwa katika mkahawa mmoja. Na jambo hili halikuishia ughaibuni. Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini Uganda waliugua, mmoja akafariki, na wachunguzi waliona kuwa chanzo kilichoelekea kuwa cha kweli ni kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani ambacho wote watatu walikula. Huo ulikuwa mlipuko wa kwanza wa botulismi ya chakula kuthibitishwa Uganda. Mzazi aliyemfungia mwanawe kopo la pilipili na mafuta aende nalo shuleni anajua upendo ulio ndani ya kopo lile. Basi pilipili ya mafuta yenye kitunguu saumu kibichi ikae kwenye jokofu na iliwe ndani ya siku nne, au igandishwe kwa vifungu vidogo. Unayetaka kuiweka muda mrefu, isindike kwa siki kwa kufuata mapishi yaliyojaribiwa, au kausha pilipili zenyewe nzima.

Dalili zikitokea, usisubiri asubuhi. Mara nyingi huanza saa 12 hadi 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Huanzia kichwani na kushuka: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kinywa kukauka, kushindwa kumeza, kisha mikono kukosa nguvu, halafu pumzi. Mgonjwa huwa na akili timamu, na kwa kawaida hana homa, kwa hiyo wanaomzunguka wanaweza kudhani amelewa au amechoka. Piga 911. Taja lugha yako, Kiswahili, na omba mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinawajibika kukupa mkalimani bila malipo, kwa hiyo usimwachie mtoto wako kazi ya kutafsiri. Mwambie daktari waziwazi: "Amekula chakula kilichosindikwa nyumbani kwenye chupa." Sentensi hiyo inaweza kumwokoa, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu ipo, lakini huzuia tu sumu ambayo bado haijashika mishipa ya fahamu. Misuli iliyokwisha kulemaa itangoja wiki au miezi. Chupa yenyewe na mabaki ya chakula viwekwe kando kwa ajili ya uchunguzi.

Tukirudi shambani, hatari yote hii hupungua sana ukivuna kabla ya jalidi badala ya baada yake. Angalia utabiri kila jioni kuanzia katikati ya Septemba. Usingoje simu iseme sifuri. Kipimajoto cha watabiri kiko juu ya ardhi karibu urefu wa mtu, wakati hewa baridi huzama chini, hivyo utabiri wa nyuzi 2 za Selsiasi (36 za Farenhaiti) katika usiku mweupe usio na wingu wala upepo unatosha kuugandisha umande kwenye majani yako. Ukiona usiku wa namna hiyo unakuja, anza na visivyostahimili: lengalenga, matembele, majani ya maboga, nyanya, ngogwe, bilinganya, bamia, pilipili, maharage mabichi. Chuma na mbegu za lengalenga zilizokomaa. Nyanya za kijani zilizofikia ukubwa wake zifunge moja moja kwenye karatasi, uziweke ndani mahali pasipo baridi kali; zitaiva zenyewe bila jua, na ndizi mbivu ikiwekwa pamoja nazo inaziharakisha. Maboga yakatwe na kikonyo chake, yasibebwe kwa kikonyo hicho.

Viazi vitamu vina tabia yake. Baridi ya chini ya nyuzi 10 inavidhuru hata kabla ya kuganda, na majani yakishakuwa meusi kwa jalidi, uozo unaweza kushuka na shina mpaka kwenye kiazi. Vichimbwe kabla, na kama umechelewa, kata mashina asubuhi hiyo hiyo na uchimbe bila kukawia. Usivitie kwenye jokofu. Viweke wiki moja mahali penye joto na unyevu, kidonda cha jembe kifunge, halafu uvihamishie chumba cha ubaridi wa wastani.

Sukuma wiki, kabichi na karoti viache. Hizo jalidi nyepesi inaziongezea utamu, na si haba kuwa na kitu cha kuchuma Novemba.

Halafu usafi, na hapa tena ninarudi kwenye neno langu kwamba madhara hayabaki kwa aliyeyaanzisha. Shamba la jamii lina ua mmoja na upepo mmoja. Bakajani chelewa, ugonjwa ule ule wa Phytophthora infestans ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja, husafiri hewani kwa spora zake kilomita nyingi katika hali ya mvua. Mwaka 2009 ulisambaa kwa kasi majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, ukisaidiwa na miche ya nyanya iliyouzwa kwenye maduka makubwa kwa watu waliolima vijibustani vya nyumbani. Wakulima waliotegemea nyanya kwa riziki walipoteza mashamba kwa ugonjwa ulioletwa na mche wa bei ya chini wa jirani.

Mashina ya nyanya yakifa kwa jalidi, ugonjwa huu kwa kawaida hufa nayo, kwani huku unahitaji kitu kilicho hai. Kinachouvusha miezi ya theluji ni kiazi mviringo kilichobaki ardhini au kilichotupwa kwenye rundo. Kwa hiyo viazi vichimbwe vyote, hata vidogo, hata vilivyokatwa na jembe. Subiri kama wiki mbili baada ya majani kufa ili ganda likomae, kisha fukua tuta lote. Vilivyooza au vyenye mabaka ya kahawia viingie kwenye mfuko wa taka. Usivitupe kwenye biwi la mboji. Mabiwi mengi ya nyumbani hayapati joto la kuua chochote, na kiazi kilichofunikwa humo huamka Mei kikiwa na ugonjwa wake. Majira ya kuchipua yajayo ukiona kiazi kimejiotea, king'oe. Vizima vihifadhiwe gizani, na vilivyogeuka kijani visipikiwe mtu.

Magonjwa mengine ya majani ya nyanya, tofauti na huo, hulala kwenye masalia makavu. Hivyo mashina, majani na matunda yaliyooza ya nyanya yaondolewe yote, pamoja na mashina ya maboga ambayo wadudu wake hujificha chini yake mpaka joto lirudi. Usiyachome kabla ya kuuliza. Nyumbani tuliwasha biwi tulipotaka, lakini huku miji mingi inadai kibali, na mingine imekataza kabisa. Maharage yenye madoa meusi yaliyodidimia kwenye ganda usiyafanye mbegu, wala usimgawie mtu mbegu zake, kwa sababu ugonjwa umo ndani ya punje. Masalia mazima yasiyo na ugonjwa yaende kwenye mboji, tuta lifunikwe kwa majani makavu, na kama unataka kuutumia udongo huo, Oktoba ndiyo wakati wa kupanda kitunguu saumu.

Wafugaji nao wasikie. Mtama uliopigwa na jalidi, pamoja na nyasi za jamii yake, hutoa sumu ya sianidi, ile ile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Mbuzi wasiingizwe humo asubuhi ya jalidi wala kwa angalau wiki moja baadaye, na machipukizi mapya yanayoota chini ya bua lililoungua ndiyo mabaya zaidi.

Maafisa ugani wapo huku pia. Kila jimbo la Marekani lina chuo kikuu chenye huduma ya ugani, na katika ofisi zao nyingi watakupimia kipima-presha cha sufuria yako, watakupa mapishi yaliyojaribiwa na kukuonyesha ugonjwa ulio kwenye jani ulilolileta mkononi. Viongozi wa bustani za jamii waitwe wafundishe hili kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda kabla ya Oktoba, kwenye bustani yenyewe, chupa zikiwa mezani. Karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa langoni haitoshi kwa mama aliyelima nusu ya mboga zote zilizomo ndani ya ua huo.

Na kama kabatini mwako tayari kuna chupa za mchicha, maharage mabichi, mahindi, bamia, maboga au viazi zilizochemshwa kwa maji tu, au za nyanya zilizotoka kwenye mche uliokufa, usizionje ili kujua kama ni nzima. Usizifungue. Zitie kwenye mfuko mzito, uufunge, uupeleke kwenye taka mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki, kisha unawe mikono vizuri. Kama ulikwisha kumpa mtu moja ya chupa hizo, mpigie simu leo.